Ukifika Utakula Kwanza

Ibighi, Tukuyu,
Juni 21, 1998.

Kaka yangu Anyosisye,

Salamu zangu zikufikie huko Dar es Salaam kwenye joto. Huku kwetu ni ile baridi ya mwezi wa sita, ukungu hauinuki mpaka saa nne, na nakuandikia nikiwa nimejifunika blanketi la mama mabegani. Mwili wangu ni mzima. Natumaini kifua chako kimetulia na watoto wanaendelea vizuri na shule. Ng'ombe wa mama amezaa ndama jike. Migomba iliyolazwa na mvua za El Nino tumeifyeka na machipukizi yanakuja vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba mji wetu umekufa. Majirani wote wanakuulizia, hasa wale ambao hawajui la kunisemesha mimi.

Barua yako niliipata kwa kondakta wa basi wiki iliyopita. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, lini tunalijenga kaburi la mama, maana wewe ndiwe kifungua mimba na ndiwe wa kusimika msalaba. La pili, kama mkeo Doreen ameshaondoka kabisa kwetu, kwa kuwa, umeandika, huwezi kusimama kwenye kaburi la mama yako pamoja na mwanamke aliyemfukuzisha mama kanisani. Nitakujibu yote mawili. Ila uniruhusu nianzie mbali, maana ndivyo kazi yangu ilivyonizoesha. Sionyeshi nilichoshika mpaka kila mtu ameweka dau lake mezani.

Wewe huwa unawasimulia watu kwamba nilizaliwa na karata mkononi. Si kweli, na unajua. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha kutunza stoo kwenye kambi ya wazungu waliokuwa wanajenga barabara. Mwaka ule mvua ilinyesha kama kawaida yake, yaani haikuacha, na mvua ya Tukuyu ikishika hakuna katapila linalotembea. Wahandisi walikaa kwenye banda la chakula wakicheza poka tangu asubuhi, na mmoja wao alipoanguka malaria wakanivuta nikae mahali pake. Sheria za mchezo walinifundisha wao. Yaliyobaki nilikuja nayo kutoka nyumbani. Mtu aliyekulia huku anajua kukaa ndani akaisubiri mvua bila kunung'unika, na katika poka hiyo ndiyo nusu ya kazi, kwa sababu mchezaji anayekula kwa mchezo ule anatupa karata zake mara nyingi kuliko anavyozicheza. Nusu nyingine ni nyuso. Mhandisi mkubwa akiwa hana kitu alivuta sikio; akiwa na karata nzuri aliuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Kambi ilipofungwa walinipigia makofi kwa kuwa nilikuwa nimewamaliza, wakaniambia Dar es Salaam karibu wataruhusu kasino na nisipoteze muda wangu kwenye stoo.

Nikaja kwako. Ulikuwa mwaka ule ambao kiwanda chenu cha nguo kilikuwa kinauzwa, na ofisi yenu ya uhasibu ndiyo iliyoanza kupunguzwa. Nilikukuta umekaa kwenye ngazi ya nyumba ya kupanga, tai shingoni, saa tano ya asubuhi, kwa sababu ulikuwa hujazoea kutoivaa. Nilikuonea huruma sana, kaka. Hilo nalisema bila kejeli. Wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza kwetu kwenda shule ya bweni, wewe ndiwe ambaye mama alimtaja kila alipoulizwa habari za watoto wake.

Kasino zikafunguliwa kweli, nami nikaingia na shati lako la kazini. Watu wanadhani ile ni bahati na starehe. Ni kazi kama ya karani. Unakula mapema, hunywi pombe, huchezi ukiwa na hasira wala ukiwa na furaha, na unaondoka mezani mara tu unapoanza kujiona hodari. Nilikaa meza moja na wenye mahoteli, na waagizaji wa mitumba, na mabwana ambao jana walikuwa wakurugenzi wa mashirika ya umma na leo wanaitwa wawekezaji. Mmoja alikuwa kwenye kamati iliyokiuza kiwanda chako. Alipokuwa hana kitu mkononi alikuwa mchangamfu kupita kiasi, anamwuliza kila mtu habari za watoto. Nilimla taratibu, miezi na miezi, kwa adabu zote, na kodi ya nyumba yako ililipwa na yeye bila kujua. Siku nilipokueleza ulicheka mpaka ukakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka tukicheka pamoja.

Habari ya vipuri ilikuwa yako. Tuliketi wewe, mimi na Doreen, tukajiuliza mama aambiwe nini, ukasema aambiwe nauza vipuri vya magari, biashara imefunguliwa, kila mtu sasa anauza kitu. Doreen peke yake ndiye aliyesema tumwambie mama ukweli, au tukae kimya kabisa, kuliko kumlisha uongo. Ukamwambia anyamaze, haya ni mambo ya watu na mama yao. Akanyamaza. Nakukumbusha hili kwa makusudi.

Basi mama akakaa raha kidogo. Nyumba ikapata bati jipya, akapata ng'ombe, na zaka yake akawa anaitoa kanisani kwa kichwa kilichoinuka. Viti vya kanisa vilipokuwa vimeliwa na mchwa, wazee wa kanisa walipita nyumba kwa nyumba kuchangisha, na Baba mdogo Jairo, mzee wa kanisa na mdogo wa marehemu baba, alikuja kwetu mwenyewe akanywa chai na kumwomba mama amwandikie yule kijana wake wa vipuri. Nikatuma. Vile viti vya mninga vya safu za mbele, ambavyo wazee wanakalia mpaka leo, vimetoka kwenye mikono miwili mizuri ya karata niliyoipata dhidi ya mwenye hoteli mmoja. Sijawahi kusikia vikilalamika.

Sasa nije Krismasi iliyopita. Nilikuja na gari, wewe na Doreen na watoto mkiwa nyuma, na njia nzima tangu Chimala ulikuwa umelala, au umefumba macho. Tulipofika mama alitoka na kitenge kichwani, anasema ndaga, ndaga fijo, anatushukuru kama tumemtoa kisimani. Akatuingiza ndani, akakitoa kile kiti cha baba chenye mikono, ambacho tangu baba afe hakuna aliyekikalia, akakipangusa kwa kanga yake, akaniambia mimi nikae. Wewe ukaketi kwenye benchi karibu na mlango, pamoja na watoto. Mama hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mwanamke mzee amefurahi, na aliona mwenye gari ndiye aliyechoka na safari. Mimi nilipaswa kuinuka nikakupisha, lakini nilikutazama kwanza. Nilikutazama vizuri, kama ninavyotazama watu kwa ajili ya kula, nikaona shavu lako limevutika na jicho moja limekuwa dogo. Nikasema moyoni, kaka tumbo linamsumbua.

Hilo ndilo linalonifanya nicheke peke yangu siku hizi. Nimesoma nyuso za watu ambao hata lugha yao siijui, nikashindwa kuusoma uso niliokua nao kitanda kimoja.

Januari mama akaanza kuugua. Mimi nilikuwa nimebanwa Dar, wewe ukaja na Doreen kumwona. Ulikaa siku chache, ukarudi, ukamwacha mkeo amwuguze, na kwa hilo watu wa huku walikusifu. Haikupita muda, wazee wa kanisa wakamwita mama. Hawakumwambia kwa mafumbo. Walimtajia karata, wakamtajia kasino, wakamtajia hata hoteli yenyewe ilipo, wakamwuliza kama alijua kwamba amekuwa akila kamari na kuitolea zaka. Walimtaka asimame Jumapili mbele ya waumini, akiri, na aseme kwamba anaikataa kazi ya mwanawe na mkono wa mwanawe. Mama akajibu kwamba kukiri atakiri, kwa kuwa alijua, lakini kunikataa hanikatai. Wakamtenga. Mwanamke aliyepika chakula cha semina zao tangu sisi wadogo akaambiwa ushirika mtakatifu si wake tena, na kwamba akifa katika hali hiyo kengele haitalia. Viti hawakuvirudisha.

Nilipopata habari nilikuja mbio, kama mtu angeweza kwenda mbio mwezi ule wa tatu, barabara zimeoza. Nikamkuta kitandani, amepungua mpaka pete imefungwa uzi isimtoke kidoleni. Nikamwuliza alijuaje. Akanicheka. Akaniambia alijua tangu Krismasi yangu ya kwanza, maana muuza vipuri gani ana kucha safi kama mwalimu wa kike. Alikuwa amenisoma siku nyingi, na alikuwa ametupa karata zake, akanyamaza, kwa sababu aliona wanawe wawili wamekaa nyumba moja wanasaidiana. Hayo ndiyo maneno yake.

Nikaenda kwa Baba mdogo Jairo nikapiga magoti, mimi ambaye hata benki sijawahi kuomba mkopo. Nikamwambia nitasimama mimi, niseme yote mbele ya kanisa zima, niache karata, ili mradi mama arudishwe kundini angali hai. Alinisikiliza vizuri. Akasema toba ni jambo jema ila ina utaratibu wake, na baraza la wazee litakaa baada ya Pasaka. Nilimwambia mama hafiki baada ya Pasaka. Akasema tumwombe Mungu.

Mama alikata roho Jumamosi, siku moja kabla. Wewe unajua kanisa letu linavyofanya Pasaka alfajiri: waumini wote hutoka na tarumbeta kwenda makaburini kumlaki Bwana aliyefufuka. Basi walipita hapa kwetu, barabarani palepale chini ya migomba, wanapuliza na kuimba kwamba mauti imeshindwa, na sisi tuko ndani na maiti ya mama, Doreen ameshika mkono wake na mimi nimeshika miguu. Walipofika mbele ya nyumba tarumbeta zilipungua sauti kidogo, kama watu wanaopita mbele ya ofisi, halafu wakaendelea. Nilitaka kutoka na panga, kaka. Doreen ndiye aliyenishika shati.

Tulizika Jumatatu. Watu walikuja, maana huku hakuna mtu anayekosa msiba, na uwanja ulijaa mpaka kwa jirani. Lakini kengele haikulia, mchungaji hakuja, kwaya haikuja, na wazee wa kanisa walikuja kama ndugu tu, mikono mfukoni. Viti vilikuwa vimefungiwa kanisani. Waombolezaji wakakaa kwenye majani ya migomba yaliyolowa. Walioshika majembe kabla ya wengine wote ni Husseni, fundi cherehani wa Msasani, hii yetu ya Tukuyu, niliyesoma naye, na vijana wa msikiti wao, ambao hawakuhitaji kibali cha baraza letu. Husseni ndiye aliyeshona sanda na kitambaa cha ndani ya jeneza, na hakutaka malipo. Wakati wa kushusha jeneza kila mtu alimtazama mwenzake, hakuna aliyethubutu kuanzisha wimbo. Ndipo nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, ikatoka sauti ya mwanamke peke yake ikaanza ule wimbo mama alioupenda wa kuvuka mto. Ilikuwa ni Doreen. Alikuwa kule nyuma kwa sababu Baba mdogo Jairo alikuwa amekaa mbele, na mke wa mtu kwetu hasimami mahali ambapo baba mkwe anamwona. Wanawake wakampokea, halafu wanaume, na mama akashuka na wimbo.

Wewe hukuwepo. Ulipiga simu posta ukasema njia imekatika na mabasi hayapiti. Husseni aliposikia hivyo aliinamisha kichwa akaendelea na kazi. Baadaye nikajua ni kwa nini. Kile kitambaa cha jeneza kilikuwa kimefika Jumapili ileile, kwa basi, kutoka Dar.

Kwenye simu hiyohiyo ulimwambia shangazi Atuganile jambo lingine: kwamba Doreen ana mdomo, kwamba yeye ndiye aliyebaki huku na mama, kwamba wenyewe wajumlishe. Wakajumlisha. Hata matanga hayajaisha, mashangazi walimtolea nguo zake nje, wakamwambia arudi kwao Mpuguso, mchawi wa mdomo yule, na watoto wake atawasikia redioni. Nilikuwepo. Nilimtazama usoni nikitafuta kosa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alifunga mzigo wake kwenye shuka, akaenda kuinama kwenye kaburi bichi la mama, akaondoka kwa mguu. Nikafikiri, huenda ni kweli. Nikamwacha aende.

Mwezi wa tano nilikwenda kwa Baba mdogo Jairo kuomba ruhusa ya kujenga kaburi kwa saruji, na kujua kama kanisa litakubali tuweke msalaba. Alinipa chai. Sikuja na ugomvi, nilikaa tu nikanyamaza, na ule ukimya ndio ulionilisha Dar es Salaam miaka yote. Watu hawauwezi, huanza kuujaza wenyewe. Akaanza kujitetea bila kuulizwa. Akasema yeye hakuchimba habari za mtu. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kinyumbani, kwamba mwenye habari alimfuata mwenyewe, jioni, akakaa palepale nilipokaa mimi, wakatazamana macho kwa macho, wakala kande sahani moja, na yule mtu akalia mpaka ikabidi amshike bega. Akasema kwa machozi yale hakuona ni uchongezi, aliona ni uchungu wa damu.

Chai ilinipoa mkononi.

Kaka, umekaa Dar muda mrefu mno. Umesahau mkeo ametoka nyumba gani. Doreen tangu aolewe nawe hajawahi kukaa mbele ya Baba mdogo Jairo hata siku moja. Baba mdogo akikohoa langoni, Doreen anatokea mlango wa nyuma. Krismasi chakula cha mzee alikiweka kizingitini, akapiga hodi, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Jina lake halitamki. Siku mama alipomwomba amsomee habari ya binti wa Yairo, alisoma "yule mkuu wa sinagogi" mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa jina linafanana mno na la mkwewe. Wengine wameziacha hizi mila, wasomi na watu wa mjini, lakini yeye hajaziacha, na mimi na wewe tulikuwa tunamtania kwa hilo. Doreen kukaa uso kwa uso na mkwewe na kula naye sahani moja! Ungesema alimwua mtu ningeweza kuamini upesi zaidi.

Mwanamume ndiye anayekula na Baba mdogo sahani moja. Mwanamume wa damu yake. Mimi nilikuwa Dar.

Na usidhani Baba mdogo alificha kwa hila. Mila ileile inayomtoa Doreen kwenye kosa ndiyo iliyomfunga yeye mdomo: mzee hamzungumzi mkwewe mbele za watu, wala kwa uzuri wala kwa ubaya. Alisikia wanawake wanamfukuza, akageuza kiti upande wa pili. Ulipata bahati ambayo hata mimi mezani sikuwahi kuipata.

Nilikwenda Mpuguso kesho yake. Doreen alikuwa anapalilia maharage na mama yake. Nilimwambia tu kwamba nimetoka kwa Baba mdogo na nimeambiwa habari ya sahani. Akaketi chini shambani akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akanieleza kwamba jioni ile ulirudi ukakataa chakula, na mama, kitandani, akakuuliza umekula wapi. Ulijibu umekula kwa rafiki Msasani. Mama akakutazama, akageukia ukuta. Wazee walipomwita na kumtajia hoteli, alirudi nyumbani akamwambia Doreen, ni mwanangu mkubwa, alikula kwa Jairo. Akamwapisha asiniambie mimi wala mtu yeyote. Alisema, wasije wakagombana juu ya kaburi langu. Doreen ameibeba siri hiyo, na matusi juu yake, na watoto wake kuwa mbali, kwa sababu alimwapia mama yako. Na wewe ukapiga simu posta kumsingizia.

Nimekuchukia, Anyosisye. Naiandika hapa ili usihangaike kuitafuta kati ya mistari. Sasa najua ulikuwa unanionea wivu. Kula cha mdogo wako kunauma, na kile kiti kilikuuma, ninakuelewa. Ungenichongea mimi kwa wenye kasino, ungenipiga ngumi, ungevunja gari. Ulikwenda kumchongea mama kwa watu wake ili mimi nidhalilike, halafu ukamvisha mkeo nguo yako chafu. Mezani nimekaa na wezi waliouza viwanda vya watu. Hakuna aliyefanya hivi.

Karata nimeziacha. Wazee wasije wakajisifu, si toba. Nimejua sijui kusoma uso, na mchezaji akishajua hilo hana kazi tena.

Sasa majibu yako. Kaburi tutalijenga mwisho wa mwezi wa nane, ardhi ikikauka. Husseni na vijana wake watasaidia kubeba mawe. Kuhusu Doreen, yupo hapa. Nilimchukua Mpuguso mchana kweupe, godoro lake kichwani kwangu, tukapita katikati ya mnada ili mashangazi wapate habari kabla hatujafika. Wameniuliza nina maana gani. Sijawajibu. Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Neno hilo si langu, ni lako. Watoto wake uje nao.

Utakaa kwenye kiti cha baba. Nimekitengeneza mguu uliokuwa umelegea. Baba mdogo atakuwa mbele yako kama mlivyokaa siku ile, mashangazi pembeni, na Doreen nyuma ya nyumba kwenye migomba, atasikia. Useme au usiseme. Ukinyamaza, mimi nitakuwa nimekaa kwenye lile benchi la mlangoni nikikutazama, na unajua ninavyoweza kumtazama mtu muda mrefu.

Husseni anakusalimu. Shangazi Atuganile anakusalimu sana na anasema umletee dawa ya miguu. Baba mdogo anakusalimu. Wape watoto salamu zangu, waambie ndama bado hana jina, anawasubiri wao. Doreen sikumwomba salamu, naye hakunituma.

Salamu ya mama imebaki. Jumamosi ile aliuliza mara kwa mara kama basi la Dar limeshapita, tukamwambia bado. Mwishoni alimwagiza Doreen kwamba Anyosisye akifika asiulizwe kitu chochote na mtu yeyote, atakuwa amechoka na njia, apewe chakula kwanza. Doreen amesema atapika yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Ezron